Dakika Tatu

Barua ya halmashauri ilisema: dakika tatu kwa kila msemaji.
Taa ya kijani, ya njano, nyekundu, kisha kaa chini.
Mimi ni mpishi wa shule. Miaka kumi na tisa
nimezungumza na masufuria,
nayo hayajawahi kuniuliza takwimu nimezitoa wapi.

Wiki nzima nilifanya mazoezi zizini.
Kondoo thelathini na mmoja, wasikivu wote,
isipokuwa yule mwenye sikio lililochanika,
aliyekohoa kila nilipofika kwenye neno "bajeti".
Nje, jua halikuwa limechomoza tangu Novemba
(ndivyo kisiwa chetu kilivyo, huko juu kabisa Norwei)
nami na kurunzi kipajini, karatasi mkononi,
nikiwaambia kondoo: Waheshimiwa.

Kila mtu alikuwa na dawa yake.
Dada yangu Gunnvor: waone wote kama makabichi.
Mwalimu Eilert: vuta pumzi kwa nne, itoe kwa sita.
Mume wangu, ambaye maneno kumi humtosha kutwa,
alitumia matatu: "Kula kitu kwanza."
Sikula.

Ukumbi ulinuka kahawa na makoti yaliyolowa.
Madiwani kumi na mmoja.
Mwenyekiti akasoma, "Ragnfrid Moldestad,"
nikageuka kumtafuta huyo mwanamke.
Kijani.

Husemwa ulimi hauna mfupa.
Wangu uliota mfupa palepale,
ukakwama kati ya meno.
Mate yakakauka. Magoti yakaanza mkutano wao wenyewe.
Karatasi ilitetemeka hata kipaza sauti kikaidaka,
ukumbi mzima ukasikia kuku akipekua majani makavu.
Nikajaribu makabichi. Nayajua makabichi.
Nimekata maelfu,
na hakuna hata moja lililowahi kunitazama vile.

Nikaiweka karatasi mezani. Si ushujaa,
maandishi yalikuwa yamegeuka sisimizi.
Nikashika kingo za meza, huku na huku,
kama nishikavyo sufuria la supu lililojaa pomoni,
na mikono, ile mikono mijinga, ikakumbuka:
hatua fupi, usitazame mvuke.

Nikasema: Sahani ishirini na tatu.
Sauti ilikuwa ya bawaba isiyotiwa mafuta.
Sahani ishirini na tatu, kila adhuhuri.
Ya bluu ni ya Sigve, hali samaki mpaka umwondolee ngozi.
Mbili ni za pacha wa kule mnarani,
hubadilishana wakidhani sioni.
Moja siku hizi hurudi kama ilivyokwenda.
Mama yake tulimzika mwezi wa tisa.
Simwambii kitu. Humwachia kipande cha mkate
juu ya buti zake, mlangoni.

Njano.

Mkiifunga, watakwenda saa nzima na nusu, feri kisha basi.
Huko kuna jiko kubwa, linang'aa, nimeliona, sibishi.
Lakini nani kule atajua habari za mkate?

Nyekundu.
Nikakaa, na ile sentensi ya bajeti,
niliyoinoa wiki nzima,
bado imelala kwenye karatasi.

Wakapiga kura. Saba kwa nne.
Mwezi wa sita shule itafungwa.

Sitawadanganya kwamba woga hushindwa.
Tulirudi naye kwenye feri,
akakaa kiti cha dirishani,
akanywa nusu ya chai yangu.
Mume wangu alisimama gatini na kurunzi.
"Ulisema?"
"Nilisema."
Akanifungulia mlango wa gari,
akamaliza akiba yake ya siku: "Basi twende ukale."

Usiku, kabla ya kulala, nilipita zizini.
Nikaisema sentensi ya bajeti, nzima, kwa ghibu,
bila kukwama hata pamoja.
Yule wa sikio lililochanika
akakohoa.